Gobori la Chama Limesema Leo

Mwaka 1916, nikiwa na miaka kumi na miwili (padri alinihesabia kwa kuangalia meno, kama mbuzi wa sokoni), shida ilinishika shingo. Baba alichukuliwa kubeba mizigo ya vita, akaenda upande wa Tanganika, hakurudi. Mama alimngoja, akachoka kungoja, naye akaenda. Nikabaki na shoka lisilo na mpini. Tangu siku ile nimebeba, nimelima mpunga, nimeuza samaki wakavu kwa miguu, halafu kwa kinga yangu mwenyewe, ile baiskeli nyeusi mnayoijua. Hakuna mtu aliyewahi kunicheka usoni.

Leo nimeumbuka.

Nimeumbuka mbele ya Kabambare nzima, mbele ya Bwana wa teritware, mzungu anayetawala wilaya, mbele ya wakwe zangu, mbele ya wanawake wa soko. Nawaandikia nyinyi wenzangu mlioko Kindu kwenye reli kabla hamjasikia kwa midomo ya watu wa Wamaza, maana wale wataongeza chumvi. Naandika kwa mkono wangu. Karani Amisi alitaka kuniandikia, nimekataa. Herufi nilijifunza kwenye magunia ya mpunga, lakini zinatosha. Na msianze kucheka sasa. Mwisho wake ni ushindi. Someni polepole.

Mnajua chama chetu. Chama cha Wenye Magobori wa Kongo Nzima. (Kongo nzima bado haijapata habari. Sisi tunatoka Lusangi, Kabambare na Wamaza, na mmoja wa Kasongo ambaye goti lake halimruhusu kuja.) Kila mmoja wetu ana gobori lake, ile bunduki ndefu ya kushindilia baruti kwa mdomo, na ruksa ya serikali. Bila magobori yetu nguruwe wa pori wangelima shamba kuliko sisi. Wangelima, wangevuna, na kuku wangetuchukulia.

Kazi za chama anafanya Amisi. Yeye ndiye anaongea na serikali, anatafuta baruti, anagombana na polisi. Lakini juu yake kuna Prezida wa Heshima. Prezida hafanyi kazi. Prezida anaonekana. Anavaa kofia ya ngozi ya mbega yenye mkia mrefu mgongoni, anabeba gobori la chama, refu kuliko yote, anakaa kiti cha mbele na anaanza kula kabla ya wengine. Na siku anayotawazwa, mara moja tu katika maisha yake, anapiga gobori hilo juu hewani. Baruti tupu, bila risasi. Puu! Basi, ni prezida.

Prezida wa kwanza alikuwa Mzee Kalonda wa Lusangi, aliyeua nyati akiwa bado hana ndevu. Siku yake ilinyesha mvua. Fataki, vile vidude vya kuwashia baruti, zikalowa. Alivuta, ikalia "tik", kama mtu anayesonya. Akasema heshima iko moyoni, watu wakala wali.

Wa pili, Mwalimu Hemedi wa Kasongo, mtu wa kanzu safi na maneno machache. Siku yake, mke wa Bwana wa wakati ule alikuwa amejifungua usiku wa jana yake. Polisi akaja kusema, hapana kelele, mutoto analala. Mwalimu akainamisha gobori, akaomba dua, watu wakala wali.

Wa tatu, Mzee Faliala wa Wamaza. Huyo yuko hai, na ndiye niliyempokea. Mwema sana. Lakini radi ikipiga anaingia chini ya kitanda. Siku yake alisema bega linamuuma. Akainua gobori kwa mkono wa pili, akatusalimu nalo, watu wakala wali. (Chama cha bunduki kikaongozwa miaka yote na mtu anayeogopa bunduki. Msimwambie nimeandika.)

Sasa mimi ni wa nne. Na mimi nilijiapia: mimi sitakula wali kabla gobori halijalia.

Kuna jambo moja lazima mlikumbuke, maana ndilo limeniua. Mwindaji wa kwetu hashindilii bunduki mbele ya watu. Anafunga mlango, anashindilia peke yake. Na hakuna anayemuuliza mzee, "Bunduki yako ina kitu?" Ni tusi. Ni kama kumuuliza kama jana alilala na njaa. Na kutoa baruti uliyoshindilia mwenyewe ni aibu, ni kama kutapika kwenye karamu. Haya yote mnayajua. Mimi pia niliyajua. Niliyajua moja moja, sikuyaweka pamoja.

Basi. Mwaka huu tumeletewa Bwana mpya. Kijana, shingo nyekundu, miguu mirefu. Tunamwita Bwana Fagia, maana tangu afike kila kitu kinafagiwa. Viwanja vifagiwe. Vyoo vifagiwe. Njia ya Wamaza ifagiwe, pori lote lile. Na mwezi huu akasema magobori nayo yafagiwe kutoka vijijini. Yote yaletwe Kabambare, yawekwe mu magazini ya serikali, lile ghala lao, yafungwe kwa kufuli. Ati ni chuma cha zamani, na wenyewe ni wazee, hatujui tena kuyatumia.

Mpunga wetu umeanza kubeba masuke! Mihogo imejaa! Nguruwe wanatuangalia kutoka ukingo wa pori kama watu wanaongoja kukaribishwa!

Amisi alimwendea, akabembeleza, akapata neno moja: tuje wote leo na bunduki zetu, tuonyeshe kwamba tunajua kazi yake. Kisha Bwana ataamua. Na kwa kuwa leo ndiyo siku ya kunitawaza, Amisi akaniambia:

"Mzee Mulamba, ye atakuangalia weye. Ukipiga vizuri, tumepona. Ukishindwa kama wale wengine, tutafukuza nguruwe na ufagio."

"Miye?" nikamwambia. "Miye nishindwe nini?"

Asubuhi niko kwa shemeji yangu hapa Kabambare. Nimevaa suruali nyeupe. Mpya! Fundi wa Kasongo ameishona kwa cherehani, ina mstari mbele unaoweza kukata nyanya. Nimefunga mlango. Nimechukua gobori la chama, nimesafisha tundu la fataki kwa sindano, nimemimina baruti. Sikumimina ya woga. Nilitaka Bwana Fagia asikie.

Kitambaa cha kushindilia sina. Naangalia huku, naangalia huku. Kwenye kamba kuna kikwembe kipya cha mke wangu Mama Feza, kile kitenge cha maua ya njano. Nikachana kipande kidogo pembeni. (Kidogo! Kama kiganja!) Nikashindilia kwa ule ufito wa chuma.

Mara mlango unafunguka. Mama Feza, anatafuta sufuria yake.

"Toka! Nashindilia!"

"Nimetoka, nimetoka." Lakini hakutoka. Anaangalia ufito. "Baba Feza, huo ufito mbona umebaki nje hivyo? Wa kwako nyumbani unaingia wote, unabaki kidole tu."

Nikaangalia. Kweli, ufito ulikuwa umesimama nje ya mdomo wa gobori urefu wa mkono mpaka kiwiko.

Na hapa, wenzangu, kichwa changu ambacho kimepanga biashara ya samaki kutoka ziwa mpaka Kasongo, kikanipa jibu hili: "Gobori la Prezida ni la heshima. Na ufito wake ni mrefu wa heshima."

"Aa," akasema Mama Feza. Akachukua sufuria yake, akaenda.

Nilifikiri kidogo juu ya Mzee Faliala, sikatai. Nikasema, mtu mwenye woga vile hawezi kuwa alishindilia kitu. Kumuuliza siwezi. Nikafunga mdomo wa gobori kwa nta ya nyuki, nikavaa kofia ya mbega, nikatoka. Shemeji akapiga makofi. Mimi ni prezida!

Kwenye kiwanja cha teritware watu wamejaa, maana leo ni soko pia. Bwana Fagia amekaa barazani nyuma ya meza, kofia yake nyeupe kichwani, karatasi zimepangwa mstari. Wenzangu wakapita mmoja mmoja, kila mtu akalaza gobori lake chini, karibu na meza, kwa amri ya polisi. Lundo likawa kama la kuni. Mtu akilaza lake anarudi nyuma mikono mitupu, hajui aiweke wapi. Niliona mzee mmoja wa Lusangi amejishika mikono yake mwenyewe, kama mtu kwenye msiba.

Mlango wa magazini ulikuwa wazi unangoja. Ile magazini mnaikumbuka? Ukuta wake mmoja ndio ukuta wa chumba anacholala Bwana. Mkumbuke hilo.

Amisi akasema maneno yetu. Nguruwe, nyani, mpunga, watoto, kodi. Bwana anasikiliza, anafagia meza kwa mkono. Halafu akanionyesha mimi kwa kalamu.

"Weye iko nani?"

"Miye iko Prezida wa Heshima wa Chama cha Wenye Magobori wa Kongo Nzima!"

"Kongo nzima?" Akaangalia watu wetu, akaangalia lundo. "Na bunduki hii yako, yee hapana kufa? Yee inasema bado?"

"Bwana, itasema leo."

"Tuone."

Wakaniletea kasha la sabuni nisimame juu. (Mnanijua urefu wangu. Mungu alinipa akili, urefu akampa gobori.) Nikapanda. Hapo nyuma ya umati ikatoka sauti ya Ramazani, mdogo wake Mzee Faliala, yule aliyetaka kofia hii ibaki Wamaza:

"Angalieni! Si mutu anabeba gobori, ni gobori linabeba mutu!"

Watu wakacheka. Nikakaza uso.

"Mzee Mulamba!" akaendelea. "Tukuletee kamba tukufunge chini?"

"Lete masikio yako," nikamjibu. "Hayo mengine baki nayo."

Watu wakacheka zaidi, sasa upande wangu. Moyo ukajaa. Nikaweka fataki. Nikainua mtutu juu, kitako kikakaa begani. Mkia wa mbega ukapeperuka kidogo, niliusikia mgongoni, nikajiona mzuri. Mzee Faliala alikuwa amekaa kiti chake cha heshima upande wa kulia. Nikamwona anainuka polepole, anarudi nyuma, anaziba masikio. Nikasema moyoni, masikini, woga umemla.

Nikavuta.

Wenzangu, sijui niwaambie nini. Nimesikia miamba ikipasuliwa kwa baruti kwenye machimbo. Nimesikia daraja likianguka mtoni likiwa na gari juu yake. Sijasikia kitu kama kile. Halikusema "puu". Lilisema neno lote. Moto ukatoka mdomoni mrefu kama mti wa ndizi, moshi ukafunika bendera, na kasha la sabuni nikaliacha pale lilipokuwa. Mimi nikaondoka.

Niliruka kinyumenyume. Nakumbuka niliiona kofia yangu ikiruka upande mwingine, tukaangaliana. Halafu nikakaa. Nikakaa kwenye kitu laini. Baridi. Kinazama.

Mawese.

Mama Zaina wa sokoni alikuwa ameweka karai lake kubwa la mafuta ya mawese nyuma yangu, apate kuona sherehe vizuri. Prezida wa Heshima wa Kongo Nzima akaingia humo kwa matako, miguu hewani, suruali nyeupe, gobori bado mkononi.

Moshi tu. Mbuzi wa polisi amekata kamba, amekwenda. Kuku hakuna hata mmoja.

Sauti ya kwanza duniani ilikuwa ya Mama Zaina:

"Mzee, toka mu mafuta yangu!"

"Siwezi!" (Karai lilinishika, bwana. Nilikuwa nimejaa.)

"Toka, nimesema! Watu watakula hayo!"

"Hatuli tena," mwanamke mwingine akasema.

Hapo Kabambare ikapasuka. Wakacheka mpaka watu wakashikana mabega. Ramazani alikuwa amekaa chini kabisa, anapiga ardhi kwa kiganja. Polisi wawili wakanivuta mikono, karai likaja pamoja nami, wakalipiga teke, likatoka na sauti mbaya ambayo sitaiandika. Nikasimama. Nikageuka kutafuta kofia yangu, na hilo ndilo lilikuwa kosa, maana nilipogeuka wote wakaona nyuma. Nyekundu! Kutoka kiunoni mpaka magotini. Mnajua mawese hayatoki kwenye kitambaa cheupe mpaka kiama.

"Nyani!" wakapiga kelele. "Nyani mzee wa Lusangi!"

Nikatamani wale watu wa vita wa mwaka 1916 warudi wanichukue na mimi.

Lakini haikuisha. Kutoka juu, ndani ya moshi, vitu vikaanza kushuka polepole. Vipande vya vitambaa, vimeungua pembeni, vinazunguka kama majani. Cha kwanza kikaanguka miguuni kwa Mama Feza. Akakiokota. Maua ya njano.

Akaniangalia.

"Baba Feza."

"Mama Feza, nitaeleza."

"Hiki ni kikwembe changu."

"Kidogo tu, kwa pembeni."

"Sijakivaa hata mara moja!"

Cha pili kikaangukia bega la mzee mmoja wa Wamaza. Gamba la mgomba, limesokotwa kwa mtindo wao. Wote wakamgeukia Mzee Faliala, ambaye masikio bado ameyaziba. Cha tatu, kipande cheupe, cheupe sana, cha kanzu. "Hii ni ya Mwalimu Hemedi, Mungu amrehemu!" akasema Amisi, "nani mwingine alikuwa na kanzu ya kitambaa hiki?" Na mwisho kabisa likashuka fundo la nyuzi za mwale, zile za kusukia mikeka, jeusi, gumu, likagonga meza ya Bwana, tok. Wazee wa Lusangi hawakuuliza. Ni Kalonda peke yake alikuwa akishindilia kwa mwale.

Ndipo watu wakaelewa. Na mimi nikaelewa, mafuta yakinichuruzika kwenye viatu. Kalonda alishindilia, mvua ikamzuia, akaona haya kutoa. Hemedi akapokea, hakuuliza, akashindilia juu yake. Faliala akapokea, hakuuliza, akashindilia juu ya hao wawili. Na mimi juu ya wote. Uongozi wote wa chama, tangu mwanzo mpaka asubuhi ya leo, ulikuwa umelala ndani ya mtutu mmoja, mzee juu ya mzee, unangoja mtu mwenye moyo wa kuvuta.

Amisi akamsogelea Mzee Faliala, akamwondolea mikono masikioni kwa heshima.

"Mzee, weye ulitia nyingi?"

Faliala akaangalia chini. "Nyingi kidogo."

"Kwa nini, na weye unaogopa?"

"Nilitia nyingi ili watu wajue mimi ni mwanaume," akasema. "Halafu kwenye kiwanja nikakumbuka nimetia nyingi."

Hata mimi nilicheka. Nicheke nifanye nini?

Sasa, Bwana Fagia yuko wapi? Kiti chake kitupu. Karatasi zake ziko kiwanja kizima. Tukaona kwanza mkono unatoka chini ya meza, halafu nywele, maana kofia yake nyeupe ilikuwa imeviringika mpaka kwa wauza chumvi. Akasimama. Akajipangusa magoti. Shingo haikuwa nyekundu tena. Akamwita Amisi.

"Ile bunduki. Nani alijua yee iko na baruti mingi vile?"

"Hakuna, Bwana."

"Kwa nini hapana kuuliza?"

"Bwana, kwetu bunduki ya mzee haiulizwi. Ni tusi."

Kisha, polepole, nikaona macho ya Bwana yanashuka kutoka kwa Amisi. Yanashuka, yanashuka, mpaka yakafika kwenye lundo. Magobori yetu yote, yamelala karibu na viatu vyake kama kuni, midomo upande huu na upande ule. Akasogeza mguu mmoja. Akasogeza na wa pili.

"Na hizi," akasema, sauti ndogo. "Hizi iko na nini ndani?"

Amisi ni mtu wa akili. Mungu ampe maisha. Alikunja uso kama anayefikiri sana, akasema:

"Bwana, hatuwezi kujua. Nyingine ni za urithi. Baba alishindilia, babu alishindilia. Lakini zikikaa vizuri mu magazini, bila joto, bila mutu kuzigusa, pengine..."

Bwana akageuka, akaangalia magazini. Akaangalia ukuta wa magazini. Akaangalia dirisha la chumba chake cha kulala, na chandarua chake cheupe kinaonekana ndani. Nilimwona anapiga hesabu ya kitanda kiko upande gani.

"Toa!" akapiga kelele. "Toa hizi! Zote! Polisi!"

Polisi hawakusogea. Na wao wana watoto.

"Kila mutu achukue yake! Polepole! Apeleke kwake, mbali! Kila mwaka mutaleta hapa hapa tupu, safi, tundu linaonekana! Iko sawa?"

"Iko sawa, Bwana!"

"Na hii chama," akasema, akininyooshea kidole, mimi na mawese yangu, "hii chama itabaki na prezida yake huyu. Yee peke yake atabeba ile bunduki. Mutu mwingine, hapana!"

Wenzangu! Wazee walikimbilia lile lundo kama ni la mabibi harusi. Yule wa Lusangi aliyekuwa amejishika mikono alilikumbatia gobori lake, akalipiga busu kwenye mbao. Vigelegele vikaanza upande wa soko. Na nani akaanza wimbo? Ramazani! Machozi ya kicheko bado yako mashavuni, anaimba jina langu, anasema Kalonda alivuta ikasonya, Hemedi aliinamisha, kaka yake Faliala aliugua bega, Mulamba amefyatua wote watatu na yeye juu yao!

Wakataka kunibeba. Lakini wakinikaribia wanaangalia mafuta, wanarudi. Ndipo mtu akakumbuka kipoyi, kile kiti cha kubebea mabwana wa zamani, kinachooza nyuma ya magazini. Wakakitoa, wakafukuza buibui, wakatandika majani ya mgomba (kwa ajili ya kiti, si kwa ajili yangu), wakanikalisha. Vijana wanne mabegani. Bwana Fagia aliona, akafungua mdomo, akaangalia gobori mapajani mwangu, akaufunga.

Hapo, juu pale, nilimkumbuka baba. Baba yangu aliondoka Lusangi na mzigo wa mtu mwingine kichwani. Mimi leo nimepita soko la Kabambare juu ya mabega ya watu. Nyuma nyekundu, ndiyo. Lakini juu.

Tumekula wali. Mimi nimeanza, kama inavyotakiwa, nimekula nimesimama. Bega limevimba kama papai. Sikio la kulia linalia "nyiii" mpaka sasa, hivyo Mama Feza akiongea namgeuzia hilo. Mama Zaina hanisalimii. Mama Feza ananisalimia, lakini ameficha vikwembe vyote.

Wakija watu wa Wamaza na kisa chao, waambieni mmeshasoma cha mwenyewe.

Mimi Yosefu Mulamba wa Lusangi, niliyeanza na shoka lisilo na mpini, leo nina haya: nyumba ya matofali yenye mabati. Kinga moja nyeusi. Shamba la mpunga na la mihogo, ambalo nguruwe hawatalivuna. Michikichi kando ya mto (mawese ninayo, msiniletee). Mbuzi. Mke mmoja, amekasirika. Gobori langu mwenyewe, tupu, nimechungulia leo jioni. Gobori la chama, tupu kwa mara ya kwanza tangu chama kianze. Kofia ya mbega, mkia umeungua. Na suruali moja, mbele nyeupe, nyuma nyekundu, ambayo nitaivaa mwaka kesho siku hiyo hiyo, kiwanja hicho hicho, na atakayecheka atashika yeye gobori.